Fremu Aliyokuja Nayo Binti Yangu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba yangu alikufa pale Kigombe na shida ikaanza. Tulibaki mama, mimi na dada yangu mdogo. Nikatoka shule darasa la tatu, kugawanya sijui, nikapelekwa karakana ya shamba la mkonge kupuliza mvukuto. Mpaka leo nikiandika, herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Anayetaka kucheka acheke.

Shamba lile lilikuwa na reli nyembamba za vitoroli vya kubebea mkonge. Vitoroli vilikuwa vikianguka mara kwa mara na reli zinapinda. Fundi wa pale alikuwa hatupi reli, ananyoosha. Hakunifundisha hata siku moja. Mimi nilimwangalia tu, na alichokuwa akifanya kikaniingia. Shamba lilipokufa na reli zikauzwa chuma chakavu, nilinunua vipande viwili, nikavizika kwenye saruji uani kwangu Usagara, nikaanza kunyoosha fremu za pikipiki zilizopata ajali.

Hapa mjini mafundi wengine walikuwa wakikata na kuunga. Mimi sikati. Namba za pikipiki zimepigwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Ukikata shingo umeua namba, na pikipiki isiyo na namba haina mwenyewe, askari wa kwanza barabarani anaondoka nayo. Kwa hiyo mimi nafunga fremu juu ya reli, napitisha bomba refu kwenye shingo, navuta kwa mnyororo na jeki, napasha moto, navuta tena. Watu walikuja kutoka Pangani, Muheza, mpaka Lushoto kule juu. Sijisifu, nasema ilivyokuwa.

Lakini kazi ile si nguvu, ni jicho. Baada ya kuvuta unafunga uzi kutoka shingoni mpaka kwenye ekseli ya nyuma, unachuchumaa, unafumba jicho moja, unatazama kama mabomba yanakwenda sawa na uzi. Mimi jicho la kulia limeingia mtoto wa jicho, la kushoto nalo linafuata. Na mtu pekee niliyewahi kumwona mwenye jicho kama langu la zamani ni binti yangu. Nilimzaa huyo mmoja tu. Alipokuwa mdogo alikuwa akinishikia uzi, akasema, "Baba, inakwenda kwa ndugu wa kulia." Ndivyo alivyokuwa akisema. Nami nikipima, naona kweli imekwenda kulia, unene wa ukucha.

Akakua. Nikamtoa karakana, nikamwambia mwanamke hashiki mafuta machafu. Akajifunza cherehani. Akaja kuposwa na kijana mmoja wa Horohoro, mpakani kule, dereva wa bodaboda anayepeleka watu na mizigo. Sikumpenda. Siku ya posa nilisema mbele ya mshenga kwamba kazi ya pikipiki ni kazi ya mtu asiyejua kukaa mahali. Kijana aliinamisha kichwa. Binti yangu akataka, nikaoza. Mwaka uliofuata aliuza bangili zake za dhahabu za harusi, akanunua pikipiki, mumewe akaiendesha. Kwa hiyo pikipiki ilikuwa yake yeye, na hilo nilikuwa nalijua.

Kisha mama yake akafa. Nikabaki na nyumba, na reli zangu, na jicho linalozimika. Vijana niliowafundisha waliondoka, wakaenda kuchomelea mageti. Nilichokuwa nakitaka, na sitaficha, ni binti yangu arudi. Arudi akae, ashike uzi, mimi nishike jeki. Niliomba hilo hata kwenye sijida. Mtu anaomba mambo bila kuyageuza aone upande wa pili.

Basi, ilikuwa Ijumaa, msimu huu wa mvua uliopita. Lori dogo la mchanga likasimama mlangoni. Akashuka binti yangu na begi kubwa, lile la kwendea safari. Utingo akamshushia fremu ya pikipiki, tupu, injini imetolewa, magurudumu hakuna, imefungwa kwa gunia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu kwenu."

"Ahsante. Nimekuja na hii."

Nikaigusa. Shingo imesukumwa nyuma, mabomba mawili ya chini yamefura kama mashavu ya mtoto anayepuliza.

"Ilikuwaje?"

"Iliingia mtaroni, njia ya Mombasa."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Bwana mwenyewe."

"Hajambo?"

"Alhamdulillahi."

Hapo nitafafanua kwa mtu asiye wa pwani. Sisi mtu akiulizwa hajambo, jibu ni Alhamdulillahi, hata akiwa kwenye kitanda cha kamba anatapatapa. Kwanza unashukuru. Habari yenyewe inafuata ukiuliza mara ya pili. Na mimi sikuuliza mara ya pili. Baba hamuulizi binti yake habari za mumewe. Ni haya. Mwanamke akirudi kwao na begi, baba anamwonyesha chumba, ananyamaza, anamwita shangazi. Shangazi ndiye anayekaa naye chumbani, anauliza, kisha anatoka na habari. Ndivyo nilivyowakuta wazee wakifanya, na mimi nimefanya hivyo hivyo.

Nikahesabu kichwani mwangu. Mume mzima. Mume hakuja. Mwanamke amebeba chuma kizito peke yake mpaka Tanga, chuma ambacho ni mali yake, alichonunua kwa bangili zake. Na begi kubwa. Mtu anahitaji kuambiwa nini tena? Ameachana na yule bwana na amebeba haki yake.

Sitadanganya, nilifurahi. Nilikwenda kutia udhu msikitini nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa.

Nikampigia simu dada yangu Kigombe.

"Njoo. Mtoto amekuja na begi."

"Kaja na begi? Yuko peke yake?"

"Peke yake."

"Mimi nina khitma ya jirani hapa, natwanga mpunga wa watu. Nikimaliza nakuja."

"Basi ongea naye hapa hapa."

"Mambo hayo hayaulizwi kwenye simu, kaka. Umekuwa mtoto wewe? Mwache ale, alale. Nakuja."

Akakawia. Na katika kukawia kwake ndipo nilipoharibu.

Lakini kwanza niseme zile siku zilivyokuwa, maana sijapata siku nzuri kama zile tangu mama yake afe. Asubuhi binti yangu alitoka amefunga kanga kiunoni juu ya suruali ya zamani ya kwangu. Tukaifunga fremu kwenye reli, boliti za injini zikabana chini, nyuma tukabana kwa ekseli. Nikapitisha bomba. Nikakaza mnyororo. Yeye akawasha mtungi wa gesi kama aliyeuzima jana.

"Pasha pale ilipofura, siyo shingoni," nikamwambia. "Iwe nyekundu ya nyanya. Ikienda rangi ya chungwa umeiua."

"Baba, mimi ndiye ninayeona rangi. Wewe vuta."

"Unanitukana mimi?"

"Nakwambia vuta, itapoa!"

Nikavuta. Chuma kikanung'unika. Ukinyoosha chuma lazima ukipitishe kidogo mbele ya pale unapotaka, kwa sababu ukikiachia kinarudi. Ukikipitisha sana kinabaki huko. Hapo ndipo jicho linapotakiwa. Akafunga uzi, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Inakwenda kwa ndugu wa kushoto."

"Kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele."

Tukaifukia kwa majivu ipoe polepole. Watu wanamwaga maji, wana haraka, kisha chuma kinakuwa kama kigae, siku ya shimo la kwanza barabarani kinakatika. Tukasubiri majivu huku tunakula mihogo ya nazi aliyopika yeye. Nikamwuliza kama atapenda nimnunulie ovaroli mpya. Akacheka, akasema, "Ya nini?" Nikadhani ananionea haya.

Jioni nikaenda kwenye kijiwe cha kahawa. Muuza kahawa ni Mbondei, mimi Mdigo, ni watani, hatuna adabu baina yetu.

"Mdigo leo umeoga?" akaniuliza. "Au kuna harusi?"

"Mwanangu amerudi nyumbani."

"Karudi kutembea?"

"Karudi. Yule bwana wa pikipiki kamshinda."

"Pole basi."

"Pole ya nini? Nilisema tangu siku ya posa. Mtu yule hata kiti akikikalia anakikimbia."

Wakacheka wote waliokuwa wakicheza bao pale. Na mimi nikaongeza mengine, ambayo sitayaandika, kwa sababu kwenye kahawa mtu ukichekewa mara moja unatafuta kuchekewa mara ya pili.

Wala sikuishia hapo. Mshenga aliyeleta ile posa ni mjomba wa mkwe wangu, mzee mwenzangu, mshona kanzu wa Ngamiani. Nikavaa kanzu, tena aliyoishona yeye, nikaenda. Nikamkuta anapiga pasi.

"Karibu mzee mwenzangu. Habari za tangu siku zile?"

"Njema. Nimekuja na neno. Mwanangu yuko kwangu."

Akaweka pasi pembeni. "Kuna nini?"

"Yuko kwangu na harudi. Wewe ndiye uliyekuja kuomba, basi ni wewe nitakayekwambia. Mwambie mtu wako aandike talaka, mwanangu aanze maisha yake."

"Ni yeye mwanamke anayesema hivyo?"

Hapa nikasema neno moja, na neno hilo linanikaa mpaka sasa. Nikasema, "Ndiye."

Sikuwa nimemuuliza. Lakini sikuona kama nasema uongo. Niliona kama nasomea mtu kitu kilichoandikwa ukutani.

Mshona kanzu akashika kichwa. "Katika hali hii, mzee mwenzangu?"

"Hali gani? Hali ni hiyo hiyo."

Akanitazama sana, akaona uso wangu umekaza, akaishika tena pasi yake. Yeye alidhani najua. Kila mtu katika jambo lile alidhani mwenzake anajua.

Dada yangu akafika kutoka Kigombe na kikapu cha dagaa. Siku hiyo tulikuwa tumebakiza mvuto wa mwisho, ile punje ya mchele. Akasalimia, akamchukua binti yangu kwa mkono, wakaingia chumbani. Mimi nikabaki na fremu, nafuta majivu kwa tambara.

Akatoka. Dada yangu ni mwanamke mwembamba, na akikasirika anazidi kuwa mwembamba.

"Kaka. Nani kakwambia huyu kaachana na mumewe?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa umejuaje?"

"Kaja na begi. Tena kubwa. Na fremu."

"Kwa hiyo begi ndilo lililokwambia."

Nikaendelea kufuta majivu.

"Mumewe kavunjika mguu," akasema. "Mguu umefungwa plasta mpaka kiunoni, yuko kitandani kwao Horohoro, mdogo wake ndiye anayemgeuza. Mkeo huyu kaja kunyooshewa pikipiki ili huyo mdogo mtu aiendeshe, wapate kula, mpaka mguu upone. Begi kubwa kwa sababu hajui utachukua siku ngapi, maana anajua macho yako. Na hakukwambia mguu kwa sababu mumewe alimsihi. Alisema, mzee akijua nimeanguka atasema si nilisema."

Dada yangu akikasirika hunichanganyia maneno, akamwita binti yangu mkeo. Sikumrekebisha. Nilikuwa nimekaa chini juu ya reli.

"Kaka, mbona umekaa? Umefanya nini?"

Nikamwambia. Akajipiga paja.

Niliinuka kutafuta kanzu yangu nikimbie Ngamiani kwa yule mzee nikayarudishe maneno yangu. Sikufika hata mlangoni. Mshona kanzu alikuwa barazani, anavua viatu. Hakukubali kuketi.

"Nilimpigia simu kijana," akasema. "Nilimwambia mwanamke anataka talaka. Nikasikia analia, mwanamume mzima. Kisha akasema, kama ndiye anayetaka, mimi mlemavu sasa, simzuii. Kanitamkia mimi na imamu wa kwao akiwa shahidi. Katoa talaka moja."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yetu kwenye ukumbi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Nani aliyesema mimi nataka?"

Dada yangu akatazama chini. Mshenga akanitazama mimi.

"Mimi," nikasema.

Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele. Alikwenda uani. Tukamfuata tukasimama pale mlangoni kama wageni. Aliwasha gesi mwenyewe, akapasha lile bomba, akaja upande wa jeki, akavuta mwenyewe. Akalifukia. Tukasubiri majivu yapoe. Mshona kanzu mwisho aliketi, akaletewa maji. Chuma kilipopoa akafunga uzi, akachuchumaa, akafumba jicho.

"Imenyooka," akasema. Kila siku alikuwa akisema, baba, imenyooka.

Akaanza kufungua boliti. Nikamwambia, "Mwanangu, umetamkiwa. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwangu."

"Kukaa eda unakaa hapa, kwenu."

"Wewe ndiye uliyenipeleka chuo cha Kurani. Talaka ya moja ni ya rejea, na eda yake mwanamke huikalia nyumbani kwa mumewe. Muulize mshenga kama nasema uongo."

Mshona kanzu akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo."

Niliwatafutia gari. Hilo walikubali. Nilisaidia kupakia, nikashika upande wa nyuma wa fremu na yeye upande wa shingo, na tulipoiweka alikuwa hanitazami. Dada yangu alipanda naye. Mshona kanzu naye akapanda, akasema yeye ndiye aliyelipeleka neno na yeye ndiye atakayelirudisha. Mimi hakuna aliyeniambia panda.

Dada yangu alinisimulia baadaye. Mkwe wangu alipomwona mkewe anaingia na begi alidhani amekuja kuchukua vyombo vyake. Mshona kanzu akamweleza. Kijana akamrejea pale pale, kabla begi halijawekwa chini. Kwa hiyo mbele ya dini hawakuachana, walipata kovu tu. Lakini moja imeshahesabiwa. Mtu ana talaka tatu katika maisha yake, na moja nimeitumia mimi.

Nilikwenda Horohoro mwezi uliofuata. Nilichukua dada yangu, na ndizi, na mafuta ya taa, kwa sababu sikujua mtu anachukua nini akienda kuomba msamaha, sijawahi. Mkwe wangu alitoka na magongo mawili, akaniamkia vizuri, shikamoo baba, karibu baba. Akanipa kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kibao. Pikipiki ilikuwa nje, nzima, imepakwa rangi, ndugu yake amerudi nayo kutoka mpakani kula. Binti yangu alileta chai ya maziwa na vitumbua. Akaniamkia, nikaitika, akaingia ndani. Nilisikia cherehani inaanza.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nisameheni, nilikosea, nilisema nisichokijua. Maneno ni mepesi, hata mtoto anayaweza. Kijana alikuwa ananingoja, nilimwona, alikuwa ameinamisha kichwa vile vile kama siku ya posa, kunipa nafasi.

Nikasema, "Ile nati ya shingo msiikaze sana. Usukani utakuwa mzito."

"Sawa baba," akasema. "Nitamwambia."

Nikamaliza chai. Cherehani haikusimama mpaka tunaaga. Tulipofika kona ya Usagara dada yangu akaniambia, "Umekwenda mpaka Horohoro kusema nati?" akashuka.

Binti yangu hanichukii. Sikukuu ananitumia salamu kwa dada yangu, na kanzu moja alinishonea akaituma kwa mkono wa watu. Inanikaa vizuri. Lakini nikimpigia simu ananiuliza hali, namjibu Alhamdulillahi, naye akiulizwa anajibu Alhamdulillahi, na mimi sijui ndani ya neno hilo mna nini, na haki ya kuuliza mara ya pili niliipoteza nilipokuwa nayo. Na kwangu haji tena na begi.

Wiki iliyopita kijana wa Muheza aliniletea fremu, shingo imekwenda upande. Nilifunga uzi, nikachuchumaa, nikaona nyuzi mbili. Nikamwambia aipeleke kwa wanaokata.

Watu husema mzee yule amejijenga. Ni kweli, na hakuna aliyenipa kitu. Leo nina nyumba ya vyumba vinne Usagara, bati na sakafu ya saruji. Nina karakana uani, vipande viwili vya reli, mashine ya kuchomelea, mitungi miwili ya gesi, jeki tatu ambazo moja imekufa. Nina shamba la michungwa njia ya Muheza. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Nina redio, simu, baiskeli, vitanda vitatu, na kisima chenye maji matamu.